Tupeane uzoefu: ni kitu gani cha nyumbani hapa Uganda ambacho asili yake ilikushangaza?

Bint Bombo

Assalaam alaikum, na habari za jioni kwa wote.

Jumamosi jirani yangu hapa Kawempe alikuja kuazima sufuria kubwa, ile ya shughuli, kwa sababu binti yake ana kwanjula, ile sherehe ya kumtambulisha mchumba kwa wazazi, na wageni ni wengi. Ni mama wa Kiganda, amenizidi miaka kumi, namwita dada. Tukakaa barazani. Redioni walikuwa wanazungumzia Kiswahili kufundishwa mashuleni, naye akasema taratibu: "Lugha ile mimi naiogopa. Tuliisikia usiku, mlango ukigongwa. Nyumbani kwangu haijaingia."

Kuhusu usiku ule sikumbishia. Aliyeishi Kampala miaka ile ya askari wa Idi Amin anajua anachokisema. Nilimuuliza tu: hicho ulichokuja kuazima, kwa Luganda mnakiitaje? Sefuliya. Utapakulia kwenye nini? Ssowaani. Na utakorogea nini chai? Kijiiko. Tukaendelea hivyo, emmeeza, kikopo, ssukaali, ssabbuuni, eddirisa, mpaka vidole vyake vikaisha akahamia vyangu. Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kitambaa.

Usiku ule sikulala mapema, nilitaka kujua na sisi Waswahili tumevitoa wapi. Sufuria mzizi wake ni neno la Kiarabu la shaba. Sahani nayo ya Waarabu. Meza tumepewa na Wareno, wao husema mesa. Dirisha limetoka Uajemi. Maneno haya yamevuka bahari, yakapanda na misafara mpaka Ziwa Nalubaale, yaani Victoria, leo yamo jikoni kwa mama ambaye hajawahi kuiona Mombasa.

Leteni vyenu. Chakula, kinywaji, nyumba, neno. Na mtueleze mlikijuaje, nani alikwambia, ulikuwa wapi.

Dereva wa Mutukula

Shikamooni wakubwa. Mimi ni Mtanzania wa Bukoba, napitisha lori Mutukula kwenda Kampala mwaka wa tisa sasa.

Safari yangu ya kwanza nilisimama Kyotera kula. Mama akaniambia chakula kipo, posho na maharage. Nikanyamaza. Kwetu posho ni pesa anayopewa mtu akiwa safarini au kikaoni, nikajiuliza huyu mama anataka kunilipa au nimlipe. Alipoleta sahani nikaona ni ugali.

Mzee aliyekaa pembeni ndiye aliyenieleza. Posho ya zamani haikuwa pesa, ilikuwa chakula cha siku anachopimiwa mpagazi, kibarua au askari. Huku unga wa mahindi ndio uliokuwa ukigawiwa makambini, jela na mashuleni, basi jina la mgao likakiganda chakula chenyewe. Ndiyo maana, alisema, nyumba nyingi za Kiganda mgeni wa heshima hawekewi posho. Nilikuwa nimelitumia neno hilo maisha yangu yote bila kujua kuwa Waganda ndio wameshika maana ya babu zetu, sisi tumebaki na bahasha.

La pili ni omubisi. Kwetu Bukoba rubisi ni pombe ya ndizi, mtu akinywa anaimba. Siku moja Masaka nikaona mtoto wa shule anakunywa kikombe kizima cha omubisi mbele ya baba yake! Kumbe kwa Luganda omubisi ni maji matamu ya ndizi, bado hayajachachushwa. Ndizi zenyewe si za kupika, ni mbidde, zinaivishwa shimoni, kisha zinakanyagwa kwa miguu pamoja na nyasi mpaka zinatoa maji. Ukitaka pombe unatia mtama uliokaangwa, unaacha ichachuke, inakuwa tonto, au mwenge bigere. Bigere ni nyayo. Jina linakwambia kabisa ilivyotengenezwa.

Bint Bombo

Marahaba ndugu yangu. Umenigusa kwenye posho. Na huo mlo wako wa Kyotera wote ni mgeni: mahindi asili yake Amerika, maharage haya ya kawaida pia Amerika. Muhogo, viazi vitamu na karanga ndugu zao wa kwanza wako huko huko.

Mjukuu wa Masaka

Dada, usiseme karanga! Mchuzi wa binyeebwa wa jjajja wangu hauwezi kuwa wa kigeni.

Lakini mimi nimekuja na kahawa, kwa sababu hii imenikaa moyoni.

Nilikulia kwa jjajja, kijijini nje ya Masaka. Mgeni akifika, kabla ya maji, kabla ya kuulizwa habari za barabarani, jjajja analeta kikapu kidogo cha mmwanyi, punje za kahawa zilizochumwa zikiwa bado hazijaiva, zikachemshwa na majani yenye harufu, zikakaushwa. Mgeni anachukua mbili tatu anatafuna. Mpaka leo mabasi yakisimama pale Masaka zinauzwa kwenye vifungashio vya majani makavu ya mgomba. Nilikuwa nadhani kahawa ndiyo hiyo. Kuinywa niliona mara ya kwanza nilipokwenda Kampala, kwenye ofisi ya mjomba, nikashangaa wazungu wameifanyaje mpaka ikawa maji meusi.

Siku niliyomsimulia jjajja hakucheka. Aliniita, akapasua tunda moja bichi la kahawa, akanionyesha kuwa ndani mna punje mbili zimelaliana. Akasema zamani watu wawili wakitaka kuwa ndugu, si marafiki, ndugu kabisa, walichukua tunda kama hili. Kila mmoja alijichanja kidogo tumboni, akapaka punje moja damu yake, mwenzake akaimeza. Huo ndio mukago. Ukishaufunga, watoto wa mwenzako ni wako, na ukimsaliti unaisaliti damu yako. Kisha akanipa kile kikapu nimpelekee mgeni. Tangu siku ile sijawahi kukibeba kwa mkono mmoja.

Na kahawa hii ya huku, robusta, si ya kuletwa. Inaota yenyewe kwenye misitu yetu, ukienda Kibale utaikuta ya mwituni. Unga mwingi wa kahawa ya makopo wa dunia unategemea robusta. Sisi tunaipakia magunia kwa magunia, halafu asubuhi tunachemsha chai.

Bint Bombo

Masha Allah. Nimesoma kwa sauti, mama yangu amesikiliza. Anasema kwao Bombo kahawa ilinywewa na tangawizi, kikombe kidogo, na anayeondoka kabla ya kikombe cha pili mwenye nyumba anaumia.

Mpishi wa Wandegeya

Langu fupi, nina wateja. Rolesi. Wageni wanadhani tumeiita kwa saa ya mkononi. Ni mayai tu yanaviringishwa ndani ya chapati, roll eggs, ukisema haraka kama wanafunzi wa Makerere inakuwa rolex. Chapati ni ya Wahindi. Hata sigiri ninayopikia jina lake la Kihindi. Mayai, nyanya na kabichi ni juhudi zangu.

Kijana wa Busia

Boda boda nayo iandikwe. Watu Kampala wanadhani imezaliwa Kampala. Imezaliwa kwetu! Kati ya kituo cha Uganda na cha Kenya palikuwa na mwendo, watu wana mizigo, vijana wakawa wanawapakia kwa baiskeli wakiita "border, border". Babu yangu alikuwa mmoja wao, ile karia ya baiskeli yake yenye mto wa sponji bado iko darini.

Babu huyo huyo aliniambia kitu nikakataa mpaka mwalimu wa historia akathibitisha. Reli ile ya kutoka Mombasa iliitwa Reli ya Uganda, na ilipofika Kisumu mwaka 1901 ilikuwa kweli imefika Uganda, kwa sababu Kisumu ilikuwa ndani ya Jimbo la Mashariki la Uganda. Mwaka uliofuata, 1902, Waingereza wakalihamisha jimbo zima upande wa pili. Treni haikusogea, mpaka ndio uliosogea. Kampala yenyewe ilisubiri treni hadi mwaka 1931. Nikisimama Busia nikiangalia malori, huwa nalifikiria hilo: ukoo mmoja ulilala Uganda ukaamka kwingine.

Msomaji wa Ntinda

Mada nzuri, ila ndugu zangu, tusisahau kuwa Kiswahili hapa kililetwa na Amin. Hizo sefuliya zimeingia juzi.

Mwalimu wa Mbale

Ndugu yangu wa Ntinda, nakuheshimu, ila hapo niruhusu nikurekebishe, maana nimefundisha historia miaka mingi na kosa hili linaniuma.

Amin alitoa amri ya kukifanya lugha ya taifa mwaka 1973. Lakini wafanyabiashara kutoka pwani walifika kwa Kabaka Ssuuna, mfalme wa Buganda, mwaka 1844. Walikuja na nguo, na simbi, na kanzu. Mwanawe, Muteesa, alifunga Ramadhani kuanzia mwaka 1867 kwa muda wa miaka kumi hivi, alizungumza Kiswahili na aliandika kwa herufi za Kiarabu. Msafiri Stanley alipofika mwaka 1875, hawakuhitaji Kiingereza kuelewana.

Hata wakristo wa kwanza wa Buganda walianza na Injili ya Kiswahili kabla ya kuwa na ya Luganda. Mimi hili nililijua kwa bibi mmoja Mganda niliyepanga kwake nikiwa chuoni. Jumapili aliniambia anakwenda "kusoma". Nikamwona hana kitabu wala miwani, akaenda kanisani. Kwa Luganda kusoma ni kusoma na pia ni kusali, kwa sababu mtu wa dini alikuwa ni yule aliyejifunza kusoma. Waliitwa abasomi.

Na simbi nilizozitaja bado mnazo mfukoni. Simbi ni magamba madogo ya bahari yaliyotumika kama fedha. Mganda akidai pesa zake leo atasema ensimbi. Shilingi ni karatasi, jina ni la Bahari ya Hindi.

Msomaji wa Ntinda

Mwalimu, nimepokea. Hilo la ensimbi nalisema kila siku sikuwahi kulifikiria. Asante.

Binti wa Hoima

Mimi naleta chumvi. Mama yangu ni wa Kibiro, chini ya ule ukingo mrefu, kando ya Ziwa Albert. Mkiwa watoto huko hamjui chumvi ya pakiti.

Ardhi yenyewe ina maji ya moto yenye chumvi. Wanawake wanatandaza udongo mkavu juu yake asubuhi, jua likiwaka ule udongo unainyonya chumvi kutoka chini, jioni wanaukwangua. Wanafanya hivyo siku kadhaa. Kisha udongo unatiwa kwenye chombo chenye matundu, unamwagiwa maji, yale yanayochuruzika chini yanachemshwa jikoni mpaka chumvi inabaki. Udongo ule ule unarudishwa shambani, hautupwi. Umetumika na mama, na mama wa mama.

Kilichonishangaza nilipokuwa mkubwa ni kwamba bustani hizo ni za wanawake. Mama humwachia binti. Nilikuwa nadhani ni hivyo kila mahali, mpaka nilipoolewa nikakuta shamba, nyumba, hata miti ina jina la mwanaume. Nilimpigia mama simu kumuuliza bustani yetu iko kwa nani sasa. Akasema: "Iko kwako, inakungoja."

Fundi Paa

Nyumba zimesahaulika hapa. Mimi naezeka, ingawa siku hizi ni mabati tu.

Nilipokuwa darasa la sita tulipelekwa Kasubi, kwenye makaburi ya wafalme wa Buganda. Tulivua viatu, tukakaa chini juu ya mikeka, na chini ya mikeka mna nyasi za etteete, ndugu wa mchaichai huu tunaotia kwenye chai. Harufu ile nimeibeba mpaka leo. Mlezi wa pale akatuambia tuangalie juu, tuhesabu pete za ndani ya paa. Ni 52, kila moja ni ukoo mmoja wa Buganda. Na kuezeka si kazi ya kila mtu, ni ya ukoo wa Ngeye, wale wa mbega. Mimi ni Ngeye. Nilitoka pale nimeshachagua kazi.

Tarehe 16 Machi 2010 iliungua. Nililia kama nimefiwa, na sioni aibu. Lakini ilijengwa upya kwa nyasi, kwa pete zile zile.

Dereva wa Mutukula

Pole sana fundi. Swali dogo: kwa nini Kampala chumba cha kupanga kinaitwa muzigo? Kijana mmoja aliniomba nimtafutie muzigo nikafungua lori.

Mpishi wa Wandegeya

Hata mimi naishi kwenye muzigo, na hakuna aliyewahi kunieleza. Ila kodi yake ni mzigo kweli.

Bint Bombo

Nimerudi. Sufuria imeletwa leo jioni, imesuguliwa mpaka inang'aa kuliko ilivyotoka. Kwetu chombo hakirudishwi kitupu, na kumbe kwao pia. Ndani mlikuwa na luwombo wa kuku, umefungwa kwenye jani la mgomba, bado wa moto. Binti yake ndiye aliyeuleta. Kabla hajaondoka alisimama mlangoni, akasema mama yake amemtuma aseme neno moja, na wamelifanyia mazoezi tangu asubuhi.

"Asante kwa sufuria."