Longonot na mama wa miaka 61: tuishie ukingoni au tufike Kilele Ngamia?

Swali

Hamjambo. Mwezi ujao ninapanga kupanda Longonot, mlima wa volkano karibu na Naivasha nchini Kenya, pamoja na mama yangu, mwenye umri wa miaka 61. Ni mkulima wa Kinangop, kwa hivyo milima haimtishi, ila goti la kushoto humsumbua anaposhuka. Je, ajaribu kufika kileleni, ama tuishie kwenye ukingo wa kreta?

Jibu la kwanza

Dada, kutoka langoni hadi ukingoni ni kilomita 3.1, na kuuzunguka ukingo wote ni kilomita 7.2, hivyo atakayekamilisha safari nzima atakuwa ametembea zaidi ya kilomita 13. Kilele Ngamia, sehemu ya juu kabisa ya mlima yenye urefu wa mita 2,776, kiko upande wa magharibi. Mkifika ukingoni shikeni njia ya kulia, ili mpande kile kipande kikali mapema, kabla jua halijawa kali, kwa sababu kivuli huko juu ni haba. Ukiwa kileleni unaliona Ziwa Naivasha upande mmoja na mlima Suswa upande wa pili, na chini yako msitu uliojaa ndani ya kreta.

Jibu la pili

Kwa heshima, mwenzangu ametaja kupanda tu, ilhali swali ni la goti. Udongo wa Longonot ni jivu la volkano, laini kama unga wa wimbi, na mvua imeuchimba mifereji inayofika kiunoni mahali pengine. Nilipomshusha shangazi yangu mwaka jana, alilazimika kuteremka kiubavu, mkono mmoja begani mwangu na mwingine ukishika matawi ya leleshwa, na viatu vyake tulivikung'uta mara tatu. Kupanda kulituchukua muda mfupi kuliko kushuka. Kwa maoni yangu ukingo unamtosha mama, kwani hata hapo kreta yote huonekana. Bebeni maji ya kutosha, lita mbili kila mtu au zaidi, na kiingilio mlipe mapema kwa eCitizen, tovuti ya huduma za serikali.

Aliyeuliza

Asanteni sana. Nimemsomea mama majibu yote mawili. Amesema mkongojo anao, na kwamba ya kileleni ataamua mwenyewe akishafika ukingoni.