Mbwa wangu kakatwa nusu ya ini, jamaa wa duka la dawa za mifugo anasema nimchome homoni liote haraka. Ni kweli?

Mchuuzi_wa_Mwaloni:
Wakuu habari zenu. Niko Mwanza, nauza dagaa hapa Mwaloni Kirumba na nina mbwa anaitwa Bosi, miaka tisa sasa, ndo mlinzi wa stoo yangu. Miezi kadhaa nyuma alianza kukonda mgongoni huku tumbo linakua, nikajua minyoo, nikampa dawa wapi, kuja kupigwa utrasaundi wanasema ana uvimbe mkubwa kwenye ini. Sitaki kuwachosha, nilimpakia kwenye Noah na vyeti vyake vya chanjo tukapita Sirari mpaka Nairobi, mke wangu akaona nimechanganyikiwa kabisa, wakamfungua wakatoa uvimbe na upande wote wa kushoto wa ini. Daktari kasema karibu nusu imeondoka.

Leo siku ya 11. Kidonda kimekauka ila anakula kidogo na analala mno. Juzi nikapita duka moja la dawa za mifugo kutafuta vitamini, muuzaji akacheka, kasema vitamini ni kupoteza hela, kuna sindano ya homoni inaotesha ini ndani ya wiki, wazungu walishajaribu kwa panya. Dozi sindano tatu, kila moja 30,000. Nimeshachukua chupa moja iko mezani hapa sijamchoma, roho inasita. Nichome nisichome?

Ngosha_Mpole:
30,000 kwa sindano ya mbwa, na mimi hapa tangu Januari naumwa mgongo napakaa mafuta ya kondoo. Pole mkuu, ngoja waje wataalamu.

Babu_wa_Igoma:
Mchemshie mwarobaini na maziwa. Mbwa wetu zamani walikuwa wanapona hivyo hivyo.

Daktari_wa_Zizini:
Babu shikamoo, lakini mwarobaini hapana. Kila dawa anayomeza, ya mti au ya dukani, inapita kwenye ini hilo hilo lililobaki nusu.

Mtoa mada, mimi ni daktari wa mifugo, nimesoma Sokoine, wagonjwa wangu wengi ni ng'ombe kwa hiyo aliyempasua Bosi ndo wa kwanza kumsikiliza. Ila hii habari ya panya naifahamu. Ni ya zamani sana, mwaka 1931 Higgins na Anderson waliandika namna ya kumkata panya theluthi mbili ya ini, na mpaka leo maabara zinatumia njia hiyo hiyo. Sasa sikiliza hapa, yule panya hapewi homoni yoyote na ndani ya siku 7 mpaka 10 hivi uzito wa ini unakuwa umerudi. Kile kipande kilichokatwa hakioti tena, vile vilivyobaki ndo vinanenepa, seli zinagawanyika mpaka ini litoshe mwili. Ini la mbwa lina vipande sita, Bosi kabaki na vya katikati na kulia, ndo vinapiga kazi sa hivi unavyosoma. Kwa mbwa inachukua wiki kadhaa, sio siku saba.

Homoni zimejaribiwa kweli, sikatai. Insulini na glukagoni za mwili wenyewe zinatoka kongosho zinaingia moja kwa moja kwenye ini kwa mshipa wa vena porta, zikikosekana ini linanywea. Ya tezi ya shingo, ile T3, ukimpa panya seli za ini zinagawanyika hata kama hujamkata. Na homoni ya ukuaji nayo imo.

Mchuuzi_wa_Mwaloni:
Dokta hiyo ya ukuaji ndo nimeiona kwenye gugo! Wanasema inasaidia wanyama wazee, na Bosi ni mzee. Si ndo yenyewe?

Daktari_wa_Zizini:
Umesoma vizuri, ini la mnyama mzee linarudi polepole, na kuna utafiti wa 2003 panya wazee walipewa homoni ya ukuaji seli za ini zikagawanyika kama za vijana. Lakini wale panya walikuwa na ini zima lenye afya, wamekatwa kwa makusudi. Bosi katolewa uvimbe, kama kuna seli mbaya imebaki popote unataka kuipa mbolea ya nini? Alafu mbwa na homoni hiyo hawaelewani, mwaka 1937 kule Uingereza F. G. Young aliwachoma mbwa maji ya tezi inayoitoa wakapata kisukari cha kudumu. Na T3 inaukimbiza moyo, mbwa wa miaka tisa!

Hebu soma lebo ya hiyo chupa.

Mchuuzi_wa_Mwaloni:
Imeandikwa nandroloni.

Daktari_wa_Zizini:
Hahaha jamani. Hiyo ni ya kujenga misuli, jamii ya homoni ya kiume, wala sio hizo za panya nilizotaja. Ndugu zake za vidonge ndo zinajulikana kabisa kwa kuumiza ini. Usimchome. Kuna dawa nyingine unampa?

Mchuuzi_wa_Mwaloni:
Za Nairobi ziliisha. Kuna diklofenaki nampa usiku akilia, nusu kidonge, hizi hizi zetu za binadamu.

Daktari_wa_Zizini:
ACHA LEO. Inamtoboa tumbo na kuua figo, na ini nalo halisalimiki. Panado pia usiguse. Piga simu kwa waliompasua wakupe ya maumivu ya mbwa, na kesho apimwe damu: sukari, albumini (protini ya damu inayotengenezwa na ini), bilirubini (ile rangi ya njano ambayo ini linaisafisha) na kuganda kwa damu.

Mama_Bwiru:
Wangu alitolewa kipande cha ini, sio kikubwa kama chako. Kilichomwinua ni kula kidogo kidogo mara tano kwa siku, wali laini, yai la kuchemsha, kuku bila ngozi. Dagaa unao wa kumwaga ila waoshe mchanga wote uishe. Na ugali, angalia unga kaka yangu, mahindi yenye ukungu yana sumukuvu na inakula ini hata la mbwa mzima, tuache tabia ya kuwapa mbwa unga ulioharibika.

Daktari_wa_Zizini:
Naunga mkono, na usimnyime protini, ini linajengwa na nini sasa? Ila ukimwona anazubaa, anazunguka bila sababu au anasukuma kichwa ukutani, hapo kimbia kwa daktari. Macho na fizi kuwa njano au tumbo kujaa maji, hivyo hivyo.

Mchuuzi_wa_Mwaloni:
Mrejesho wakuu, siku ya 16. Sukari iko sawa, damu inaganda vizuri, albumini bado chini kidogo, kuna kipimo cha ini kinaitwa ALP kiko juu ila Nairobi wamesema ndo kawaida kwa sasa, tunarudia baada ya wiki mbili. Anamaliza sahani, na jana usiku kamfukuza paka juu ya magunia japo alihema sana. Dokta wabeja sana, Mama Bwiru pia. Yule muuzaji nimemrudishia chupa yake, hela kagoma kurudisha, kanipa dawa ya kupe.

Ngosha_Mpole:
Soma na hiyo lebo.