Mjadala: Theranos, kati ya mwenye hela na mwenye damu nani alidhulumiwa?

Kisiki cha Mpingo: Wakuu, hili jambo nimekaa nalo muda mrefu, leo nalileta mezani. Mnaikumbuka Theranos ya California, kampuni ya yule binti aliyeacha chuo cha Stanford akiwa na miaka 19, Elizabeth Holmes? Alisema tone la damu ya kidole linatosha kupima karibu kila kitu. Ilipofika 2014 kampuni ikathaminiwa dola bilioni 9. Baadaye ikabainika mashine yao, Edison, inamudu vipimo vichache tu, tena kwa kubahatisha. Vingi walivifanya kwa mashine za Siemens kama maabara nyingine yoyote. Januari 2022 jopo la raia pale San Jose likamkuta na hatia kwa makosa manne, yote ya kuwadanganya wawekezaji. Makosa manne ya upande wa wagonjwa, hana hatia! Kisha jaji akaamuru yeye na Balwani, bosi mwenzake kwenye kampuni, walipe fidia ya dola milioni 452. Murdoch, yule tajiri wa vyombo vya habari, peke yake anadai milioni 125. Nauliza: ni haki sheria imlilie tajiri aliyepoteza hela na kumpita mgonjwa aliyepewa majibu ya uongo?

Mtoto wa Bandarini: Alifungwa miaka 9 tu huyo, na ni kwa ajili ya wagonjwa, nilisikia redioni.

Kisiki cha Mpingo: Hapana ndugu yangu. Ni miezi 135, yaani miaka 11 na miezi 3, na ni kwa ajili ya hela za matajiri. Ndiyo maana nimeuliza.

Hoja Nzito: Mimi kwa hao wawekezaji sina chozi. Familia ya Walton milioni 150, DeVos milioni 100. Wameona bodini kuna Kissinger na Shultz, mawaziri wa zamani wa mambo ya nje wa Marekani, wakatoa hela. Holmes alitembeza ripoti zenye nembo ya Pfizer, kampuni kubwa ya dawa, nembo aliyoibandika mwenyewe, na mahakamani alikiri. Simu moja kwa Pfizer ingegharimu nini? Google Ventures, mfuko wa uwekezaji wa Google, walimtuma mtu wao akapime pale Walgreens, maduka ya dawa yaliyokuwa na huduma ya Theranos, akaombwa damu zaidi ya lile tone, wakafunga mkoba wao. Ukiweza kutoa milioni 100 unaweza kutoa kidole chako.

Dada wa Tandale: Uzembe wa aliyeibiwa haumtakasi mwizi. Nikisahau kufunga mlango, aliyebeba televisheni yangu bado ni mwizi. Kampuni ilidai mwaka 2014 itaingiza zaidi ya dola milioni 100, ikaingiza laki moja na ushee. Huo si uzembe wa mtu mwingine, ni uongo wa aliyeusema.

Hoja Nzito: Sawa dada. Ila na sisi tusijifanye tumeshangaa. Hawa wapima damu ni wale wale, Palo Alto kwa Theranos na Mbagala. Unaingia na mafua unatoka na taifodi.

Mpimaji wa Zamu: Hoja Nzito, hapo umenigusa na sitanyamaza. Nina miaka 14 maabara, usiku wa manane nikiwa peke yangu na darubini. Usinichanganye na matapeli.

Unajua kwa nini tone la kidole liliwashinda? Njoo nikuonyeshe. Ukishatoboa kidole, tone la kwanza unalifuta. La pili likigoma, unakamua. Ukikamua, majimaji ya nyama yanachanganyika na damu, na chembe nyekundu zinapasuka. Ndani ya zile chembe kuna potasiamu nyingi, ikimwagika majibu ya potasiamu yanapanda, na daktari anadhani moyo wa mgonjwa uko hatarini. Wale wakachukua hilo tone dogo, wakalizimua liwe jingi ili mashine ya Siemens ikubali kulisoma. Ukizimua sampuli namna hiyo, kosa dogo linakua nalo. Mtu wa maabara wa mwaka wa kwanza anayajua haya.

Mtoto wa Bandarini: Mbona malaria mnatupima kwa tone hilo hilo? Na sukari, na VVU?

Mpimaji wa Zamu: Swali zuri. Kile kipimo cha haraka cha malaria kinaulizwa swali moja tu: yupo au hayupo? Tone linatosha. Wao walitaka tone lijibu maswali zaidi ya 200, na mengine yanataka namba kamili, si ndiyo au hapana.

Mama Nuru: Kaka Mpimaji, shikamoo ya kazi yako naitoa, lakini Hoja Nzito hajasema uongo. Mwanangu wa miaka sita alipata homa, nikampeleka maabara ya mtaani. Dakika kumi: taifodi. Akachomwa sindano siku saba, mkono ukavimba, homa ipo pale pale. Hospitali kubwa wakakuta nimonia. Zile siku saba nani atanirudishia?

Mpimaji wa Zamu: Pole sana mama. Hicho kitakuwa Widali. Kinatafuta kinga ya mwili, hakimtafuti mdudu mwenyewe. Mtoto akiwahi kuugua au kuchanjwa kinaweza kuonyesha chanya. Jibu la kuaminika ni kuotesha damu ili mdudu mwenyewe akue aonekane, siku kadhaa, na wengi hawataki kusubiri. Lakini anayekiandika hicho kipimo si mimi, ni daktari.

Tabibu wa Kata: Aa, sasa umefika kwangu! Mimi naandika Widali kwa sababu ndicho mlicho nacho. Nikiandika kuotesha mnaniambia mashine hakuna. Usinitupie mzigo mkuu.

Mpimaji wa Zamu: Sijakutupia. Ila ukiletewa jibu huulizi, unatibu karatasi.

Tabibu wa Kata: Natibu karatasi yenye sahihi yako!

Dada wa Tandale: Jamani, turudi kwa Holmes. Na hivi angekuwa mwanaume angefungwa kweli?

Kisiki cha Mpingo: Balwani ni mwanaume, alikutwa na hatia kwa makosa yote 12, yakiwemo ya wagonjwa, akapewa miezi 155. Hilo tulifunge.

Mpimaji wa Zamu: Mimi bado sijamalizana na Hoja Nzito. Aliyeifichua Theranos ni nani? Si Murdoch, si majenerali wa bodi. Ni Erika Cheung, msichana wa maabara aliyetoka chuo juzi tu. Kila asubuhi unapima kwanza sampuli ambayo jibu lake unalijua, ili uone mashine inasema kweli. Zao zilifeli mara kwa mara, na majibu yaliyokaa vibaya yanafutwa ili yaliyobaki yapendeze. Akakataa, akaacha kazi, akawaandikia wakaguzi wa serikali. Mwenzake Tyler Shultz aligombana na babu yake mwenyewe, aliyekuwa bodini. Mpima damu ndiye aliyewaokoa watu. Naomba uifute ile kauli.

Hoja Nzito: Kwa Cheung nimenyoosha mikono, na kwako naomba radhi. Kwa maabara aliyokwenda Mama Nuru siifuti.

Mama Nuru: Na wagonjwa wa huko walipata nini?

Kisiki cha Mpingo: Jimbo la Arizona liliibana kampuni mwaka 2017 ikarudisha dola milioni 4.65, bei ya vipimo. Ni bei tu. Kuna mama wa huko alitoa ushahidi: alikuwa ameshapoteza mimba kabla, karatasi ya Theranos ikaonyesha homoni ya mimba imeporomoka kutoka elfu kumi na mbili na zaidi hadi mia na ushee. Akaambiwa mimba inatoka. Mimba haikuwa na shida yoyote, alijifungua mtoto wa kike.

Mama Nuru: Mtu anamlilia mtoto ambaye yu hai tumboni mwake. Jamani.

Mpimaji wa Zamu: Mama Nuru, cheti cha yule mtoto bado unacho? Hebu kiangalie. Kimeandikwa namba ya wingi wa kinga, mfano 1:80 au 1:160, au neno tu?

Mama Nuru: Nimekifungua hapa. Kimeandikwa "chanya", chini kuna mhuri. Jina la aliyepima halipo.