Kafyu ya korona: ilisomwa bungeni lini?

MamaKarai_Kuze aliuliza:

Asalaam aleikum. Mimi nauza viazi karai na bajia, Mji wa Kale Mombasa, mwaka wa kumi na sita sasa. Swali langu leo si la biashara, ni la Bunge, msinicheke.

Binti yangu yuko kidato cha tatu. Juzi alikuwa na kazi ya Historia na Serikali: mswada unavyokuwa sheria. Kusomwa mara ya kwanza, mara ya pili, kamati, mara ya tatu, saini ya rais. Akaniuliza, "Mama, ile kafyu ya korona ilisomwa mara ya kwanza lini?" Nikabaki na mwiko mkononi.

Ninavyokumbuka ni hivi. Jumatano ile ya Machi 2020 rais alitokea kwenye TV, na Ijumaa tarehe 27 kafyu ikaanza, saa moja usiku hadi saa kumi na moja alfajiri. Mteja wangu mimi huja baada ya magharibi, kwa hivyo hesabu mwenyewe. Halafu tarehe 6 Mei, Ramadhani, wakatufungia Mji wa Kale wote, hakuna kuingia hakuna kutoka, siku kumi na tano. Zikaisha, wakaongeza. Idi tuliisali humo humo. Kijana wangu alishikwa saa moja na dakika kumi akirudisha sufuria ya jirani, tukatoa pesa, risiti hatukuiona mpaka leo.

Sasa hizo zilikuwa sheria au zilikuwa amri tu? Nani alizipigia kura? Mbunge wangu alikuwa wapi?

Bwana_Ngalawa alijibu:

Kura gani mama? Ilisomwa mara moja tu, kwenye taarifa ya habari 😂

KaraniMstaafu alijibu:

Ngalawa anatania lakini hajakosea sana.

Nimefanya kazi ya ukarani katika bunge la kaunti miaka kadhaa, karatasi kama hizi zimepita mikononi mwangu. Mama Karai, zilikuwa sheria, ila si zile za daftari la binti yako. Katiba, kifungu cha 94, inasema hakuna wa kutunga sheria Kenya ila Bunge, au yule aliyepewa ruhusa na Katiba au na sheria. Ruhusa hiyo ndiyo mlango wenyewe. Chukua mfano wa genge lako: umempa kijana ufunguo auze, na jioni akuletee daftari ulikague. Waziri kapewa ufunguo zamani sana. Kafyu ilitokana na Sheria ya Utulivu wa Umma, ya mwaka 1950, mkoloni bado yupo. Kufungiwa mitaa na kuvaa barakoa kulitokana na Sheria ya Afya ya Umma, ya 1921. Waziri wa usalama akatia saini amri ya kafyu, Tangazo la Kisheria nambari 36 la 2020, nayo ikapigwa chapa katika Gazeti Rasmi. Waziri wa afya akaandika kanuni zake, na humo ndimo mlimokuwa na ile faini ya hadi shilingi 20,000 au kifungo cha hadi miezi sita. Kifungo cha jela, mama, kwa kalamu ya mtu mmoja.

Basi na daftari la jioni? Lipo. Tuna sheria ya 2013 inayosimamia hati za namna hii zote, iwe kanuni, amri au tangazo. Waziri akishachapisha, ana siku saba za vikao kuifikisha Bungeni iwekwe mezani. Asipofanya hivyo, hati inakufa yenyewe. Ikifika mezani inapelekwa kwa kamati inayokagua sheria za mawaziri, nayo ina siku 28 kutoa ripoti. Kamati ikipendekeza, Bunge linaweza kuifuta. Lakini siku 28 zikipita kamati haijasema kitu, inahesabika kuwa imeridhika. Kimya ni kibali.

Sasa nihesabie hapo kwenye mtaa wako. Siku saba za VIKAO, si za kalenda. Bunge la Taifa kwa kawaida hukaa Jumanne, Jumatano na Alhamisi. Siku saba kama hizo ni zaidi ya wiki mbili, tena wakikaa kila wiki, na wakati ule wa korona vikao vilikuwa vya kuokota. Amri ya Mji wa Kale ilikuwa ya siku kumi na tano. Waziri angeweza kufuata sheria herufi kwa herufi, na amri ikazaliwa, ikaishi na ikazikwa kabla hajalazimika kuionyesha kwa mbunge yeyote. Wakati huo kamati haijaanza hata kuhesabu siku zake 28.

Hili ndilo linalonikera mimi. Watu wanalaumu wabunge kwamba walilala. Walilala, sawa, lakini hata walio macho walipewa saa iliyochelewa.

Na kuna jambo jingine ambalo halikuzungumzwa vya kutosha. Kenya haikutangaza hali ya hatari. Ingetangazwa, kifungu cha 58 kinasema inadumu siku 14 tu, na kuiongeza lazima theluthi mbili ya Bunge la Taifa wakubali. Huo ni mlango mzito. Sheria ya 1950 ina mlango wa pazia.

Chausiku_Tanga alijibu:

Sisi huku hatukufungiwa, shule tu ndizo zilizofungwa. Naendelea kusoma.

MlezaWazee_Leicester alijibu:

Mama Karai, shikamoo. Mimi ni wa Majengo, sasa niko Uingereza, nalea wazee. Usidhani huku kwenye Bunge kongwe mambo yalikuwa mazuri.

Kanuni za kwanza za kufungia watu England zilitiwa saini Alhamisi tarehe 26 Machi 2020 saa saba mchana, na saa hiyo hiyo zikawa sheria. Bunge lilikuwa limefunga jana yake kwenda mapumziko ya Pasaka! Wabunge walizijadili na kuzikubali tarehe 4 Mei, wiki tano na ushee baadaye. Kuna mabadiliko yaliyojadiliwa tarehe 15 Juni wakati mengine mapya yalikuwa yameshatoka, yaani wanajadili nguo iliyokwisha kuvuliwa. Na ile kanuni ya watu wasiozidi sita, iliyoanza Jumatatu tarehe 14 Septemba, maandishi yake yalitolewa Jumapili usiku, haijafika hata nusu saa kabla ya saa sita. Mimi nilikuwa zamu ya usiku. Msimamizi wetu alikuwa anasoma kanuni kwenye simu huku zimeshaanza kutuhusu.

Tarehe 30 Septemba Spika wao, Lindsay Hoyle, aliwakaripia mawaziri mbele ya watu. Siku hiyo hiyo waziri wa afya akaahidi kwamba hatua kubwa za nchi nzima zitapigiwa kura kabla ya kuanza, pale itakapowezekana. Hilo neno "itakapowezekana" ndilo pana kuliko yote.

MamaKarai_Kuze alijibu:

Marahaba mwanangu, Allah akulinde na hizo zamu.

Karani, nimekuelewa mpaka nimeumia. Sasa nijibu la mwisho. Tuseme waziri hakuileta ile karatasi Bungeni, ikafa kama ulivyosema. Pesa niliyotoa inarudi?

KaraniMstaafu alijibu:

Hairudi. Sheria hiyo hiyo ya 2013 inasema hati ikifa kwa kutowekwa mezani, yaliyokwisha kutendwa chini yake yanabaki halali. Inakufa kuanzia siku hiyo kwenda mbele. Lakini mama, yako wewe haina risiti. Hiyo si faini, na wala hukuhitaji Bunge kulijua hilo. Mahakama Kuu, Jaji Korir, tarehe 16 Aprili 2020 alisema kafyu ni halali, ila nguvu iliyotumiwa na polisi kuitekeleza ilivunja Katiba. Watu walikumbuka nusu ya kwanza tu.

Binti akitaka kuona karatasi zenyewe, afungue Hansard, yaani taarifa rasmi ya yaliyosemwa Bungeni, ya siku yoyote, atafute sehemu ya hati zilizowekwa mezani. Iko mwanzo mwanzo, kila mtu huiruka.

MamaKarai_Kuze alijibu:

Ameshafungua, yuko hapa na simu yangu wateja wananipigia haipatikani. Anauliza: Jumatano wanakaa asubuhi na tena alasiri. Hiyo inahesabiwa siku moja au mbili?

KaraniMstaafu alijibu:

Moja. Mwambie mwalimu wake ampe alama za ziada.