Kukagua mashine ya kadi kabla ya kuchomeka: mnaangalia nini hasa?

Mlipaji: Wakuu, salamu. Nikifika kwenye ATM au pampu ya mafuta yenye kisoma kadi, nikague wapi ili nijue haijategwa? Na kadi yenye chipu nayo inanakilika, au hofu hiyo ni ya kadi za zamani?

Fundi POS: Mkuu, elewa kwanza kinachoibwa. Ule mkanda wa sumaku nyuma ya kadi umebeba namba ya kadi, tarehe ya kuisha na msimbo wa uhakiki, na vyote havibadiliki. Kisomaji kidogo kikipachikwa mdomoni mwa tundu huvinasa kadi inapopita, kisha huandikwa kwenye kadi tupu. Chipu haiko hivyo: kila muamala hutoa msimbo mpya usiofaa tena kwa muamala mwingine. Tatizo ni kwamba kadi nyingi za chipu bado zina mkanda mgongoni, na ATM ikiimeza kadi, mkanda nao unapita palepale.

Namba ya siri haimo kwenye mkanda. Ndiyo maana mwizi anatega kitu cha pili, kamera au vitufe bandia vilivyolazwa juu ya vile halisi.

Ukifika, shika mdomo wa tundu kwa vidole viwili, uvute na kuutikisa pande zote. Cha kiwandani hakichezi. Cha bandia kimeshikizwa kwa gundi au tepu, kwa hiyo hulegea au huonyesha mabaki ya gundi pembeni. Tazama mishale na maandishi: yakikatwa katikati, kuna kitu kimewekwa juu yake. Pitisha ukucha kwenye ukingo wa vitufe. Ukikwama kwenye ngazi ndogo, au vitufe vikibonyea kizito kuliko kawaida, ondoka. Mashine zikiwa mbili jirani za aina moja, zilinganishe. Kamera itafute juu ya skrini na ubavuni, kwenye kipande chochote cha plastiki chenye kitundu kinachoelekea vitufe.

Mlinda Akiba: Naongezea, kwa sababu ukaguzi huo una mpaka wake. Kuna vifaa vinavyosukumwa hadi ndani kabisa ya tundu, na vingine vyembamba kama karatasi vinavyokaa kati ya chipu na mashine. Utikise utakavyo, kwa nje huoni kitu. Hivi vya chipu vinapata namba ya kadi na tarehe, ila msimbo wa uhakiki ulio kwenye chipu ni tofauti na wa mkanda. Benki inayoukagua itaikataa kadi bandia iliyotengenezwa kwa data hiyo.

Kwa hiyo ziba vitufe kila mara, hata pale usipoona kasoro. Tandaza kiganja chote juu yake kama paa, maana kamera mara nyingi iko juu, na vidole viwili vya kuzugia haviizuii. Mashine ikikubali kugusisha, gusisha: kadi haiingii popote, na lazima iwe sentimita chache tu kutoka kwenye kisomaji. Simu ni bora zaidi, kwani hutuma namba mbadala badala ya ile iliyochapwa kwenye kadi.

Fundi POS: Kweli kabisa. Jingine: muuzaji akisema "chipu haisomi, tuiswaipu", kataa na ulipe kwa njia nyingine. Tundu la chipu linaweza kuharibiwa makusudi ili watu warudi kwenye mkanda.

Mlipaji: Nashukuru sana. Vipi zile programu za simu za kutafuta skima, yaani hivyo visomaji vya wizi, kwa Bluetooth?

Mlinda Akiba: Usizitegemee. Zinaorodhesha kila kifaa kilicho karibu, spika na saa za watu zikiwemo, na skima nyingi hazina Bluetooth. Mwizi hurudi kuzichukua kwa mkono. Afadhali washa meseji za kila muamala, shusha kikomo cha siku, na funga malipo ya nje ya nchi kama benki yako inaruhusu.

Namba ya benki ihifadhi kwenye simu leo, isibaki nyuma ya kadi tu. Kadi ikinaswa kwenye ATM, usiondoke: piga ukiwa umesimama hapohapo, ifungwe. Atakayejitokeza kukushauri uingize tena namba ya siri ili kadi itoke, usimsikilize, huenda ndiye aliyeutega mtego.