Mjadala: Ndizi iliyobandikwa ukutani ni sanaa au ni mkataba tu?

Mleta mada
Wakuu, Novemba 2024 mnada wa Sotheby's jijini New York uliuza "Comedian" ya msanii Maurizio Cattelan kwa dola milioni 6.2. Ni ndizi moja imebandikwa ukutani kwa selotepu nzito ya kijivu. Mnunuzi, Justin Sun, akaimenya akaila mbele ya waandishi wa habari. Msimamo wangu: hiyo si sanaa. Kazi ya sanaa idai mkono uliofunzwa, na ikiharibika iwe hasara. Hii ikioza, unatuma mtu sokoni.

Mfunga maonyesho
Mkuu, ndizi haikuwa bidhaa. Kilichouzwa ni hati ya kuthibitisha kuwa ni kazi ya Cattelan pamoja na maelekezo ya kuifunga: sentimita 175 kutoka sakafuni, ibadilishwe kila baada ya siku 7 hadi 10. Asiye na hati hata akibandika ndizi ile ile hana cha kuuza. Na kuifunga nako kuna kazi yake. Selotepu haishiki ukuta wa chokaa wala rangi yenye vumbi; futa kwanza, uache ukauke. Ganda nalo linateleza, kwa hiyo ndizi hubanwa na selotepu inayoshika ukuta pande zote mbili. Ikiiva sana inalainika, inasinyaa na kuchomoka.

Mleta mada
Basi ni mkataba. Mtazame msanii El Anatsui kule Nsukka, Nigeria. Vizibo vya alumini vya chupa za pombe hupondwa, hukunjwa, hutobolewa na kuunganishwa kwa waya wa shaba, kimoja kimoja, mpaka vifunike ukuta mzima. Kitu cha jalalani kimepita mikononi mwa watu kikageuka. Hapo sibishi.

Fundi bati
Mikono mingi pale ni ya wasaidizi. Wao hutengeneza vipande, Anatsui huvipanga sakafuni na kuamua rangi ipi ikae wapi. Ukishikilia mkono peke yake, yeye pia utamtoa. Tena kazi ikitundikwa ukutani, mikunjo yake huwaachia wanaoonyesha waamue. Chake ni uamuzi, na uamuzi mzuri ni adimu kuliko ustadi wa koleo.

Anayetaka kujaribu akiwa Tanga au Mombasa aachane na shaba. Shaba ikigusana na alumini penye unyevu wa chumvi, alumini ndiyo inayoliwa: unga mweupe kwenye tundu, tundu linapanuka, kipande kinadondoka. Tumia waya wa alumini. Toboa kwa maharazi juu ya ubao laini, milimita 3 au 4 kutoka ukingoni. Ukiukaribia ukingo zaidi ya hapo bati linachanika.

Mtunza makumbusho
Kigezo cha mkono kina tatizo kubwa zaidi. "Fountain" ya msanii Marcel Duchamp, 1917, lilikuwa sinki la haja ndogo la kiwandani, likatiwa saini "R. Mutt". Lilipotea. Nakala za mwaka 1964, ambazo makumbusho makubwa yanazo leo, zilifinyangwa kwa kufuata picha ya lile la kwanza. Kwa kigezo cha mkono, je, nakala ndiyo sanaa kuliko asili?

Sheria nayo imehangaika. Mwaka 1926 forodha ya Marekani iliitoza sanamu "Bird in Space" ya Constantin Brancusi ushuru wa asilimia 40, ikiiweka fungu moja na vyombo vya jikoni na vya hospitali. Mahakama iliitambua kuwa sanaa mwaka 1928: ni kazi ya asili ya mchongaji, inapendeza macho, haina matumizi mengine.

Mleta mada
Kuhusu nakala za 1964 umenibana. Ila hukumu hiyo inaacha nje mbuzi ya kukunia nazi yenye nakshi, kwa kuwa ina matumizi! Fundi wake alichagua mti, akapima mlalo wa ulimi ili nazi isiruke, kisha akachora. Uamuzi upo, mkono upo. Mbona makumbusho mengi huiweka kwenye vyombo vya nyumbani?

Mtunza makumbusho
Kwa sababu waliokusanya vitu hivyo mara nyingi waliandika mahali, vipimo na matumizi, jina la fundi hawakuuliza. Hilo ni kosa letu, na linarekebishika pale fundi au wanawe wangali hai.