Naomba ushauri: leya za ramani za wilaya, nani awe mlezi wa ipi?

MtuWaKonde:
Assalamu alaykum wanajamvi. Mie nipo Pemba, kitengo cha mipango, na nimepewa kazi ya kuhakikisha ofisi zote za wilaya zinazotumia ramani, maji, barabara, skuli, afya, kilimo, zinatumia data moja badala ya kila mtu kutembea na flashi yake. Bosi kanambia "panga utaratibu" basi, kaishia hapo.

Nimewaita wenzangu, wamekuja na laptopu zao, tukafungua leya (yaani faili la ramani la kitu cha aina moja, kama visima peke yake au skuli peke yake) moja baada ya nyengine na wallahi nilichoka. Mipaka ya shehia tunayo ya aina tatu. Moja ya kabla ya sensa ya 2022, ya pili kuna mtu kaichora mwenyewe juu ya picha za droni, ya tatu hakuna anaejua imetoka wapi ila faili linaitwa mipaka_mpya_mwisho_2. Kuna kituo cha afya ukikiweka juu ya leya ya kwanza kimo shehia hii, ukikiweka juu ya ya pili kishahamia kwa jirani, sasa wakigawa vyandarua kwa shehia wanahesabu watu wa wapi? Na visima ndo kabisa, vya upande wa Makangale vyengine vimeangukia baharini.

Nnachoomba kwenu waliowahi kufanya kazi hii: kila leya nimpe nani ailee, na huyo mlezi awe na mamlaka gani, mana kila nikitaja jina la ofisi naambiwa "hiyo si yetu", kisha siku ya pili yule yule ndo anakataa kuitoa.

mpimaji_wa_zamani:
Waalaykum salaam. Nikuulize, hivo visima vimesogea kaskazini kama mita 300 na magharibi kidogo? Kama ndio basi hakuna kisima kilichokosewa kupimwa. Kodineti, yaani namba zinazoonesha mahali kilipo kitu, zimechukuliwa kwenye Arc 1960, mfumo wa ramani zetu za zamani, halafu mtu kazifungua kama ni WGS 84, mfumo unaotumiwa na GPS ya mkononi. Zote zimeandikwa kwa mita za UTM kanda 37 kusini, ndo kanda ya huku kwetu, tarakimu zinafanana kwa macho, ndo mana watu hawashtuki mpaka kisima kiingie baharini. Usikae ukavuta nukta moja moja kwa mkono, tafadhali sana. Ipe leya mfumo wake wa asili kwenye QGIS, ile programu ya ramani, kisha uibadilishe yote kwa pamoja. Na hicho ndo kitu cha mwanzo cha kuandika kwenye maelezo ya kila leya: mfumo gani, nani kachukua, lini, kwa chombo gani. Leya isiyo na maelezo hayo isipokelewe hata akiileta mkurugenzi.

MtuWaKonde:
Subhanallah, nimejaribu sasa hivi, vimerudi nchi kavu vyote. Ahsante sana kaka.

Bint_Mkoani:
Mie nafanya data za afya. Nakushauri usianze na suala la nani mwenye data, kila mtu atajihami. Uliza ofisi gani ndo kazi yake ya kila siku inaibadilisha hiyo leya. Skuli ikiongezwa madarasa au ikibadilishwa jina, wa mwanzo kujua ni elimu, basi leya ya skuli ni yao, wewe wa mipango kazi yako iwe kuwasaidia kuiweka sawa kwenye ramani tu. Kisima kikikauka wa mwanzo kujua ni watu wa maji. Asieihitaji kila siku hatoirekebisha hata umpe barua yenye mihuri mitatu.

Lakini mipaka ya shehia ni jambo jengine, na hapo nakuomba uwe makini. Wilaya hamna mamlaka ya kuichora. Mambo ya shehia yapo tawala za mikoa, Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wanakata maeneo yao ya kuhesabia kwa ajili ya sensa, na upimaji ni Kamisheni ya Ardhi. Nyie chukueni nakala moja rasmi, andikeni imetoka wapi na lini, na mkiona kosa mripoti juu, msijitengenezee yenu. Ile iliyochorwa juu ya picha ya droni iweke pembeni, kaka, hata kama ndo nzuri zaidi kwa macho.

jini_la_kompyuta:
Mnazunguka tu. Nunua kompyuta moja yenye nguvu, weka kila kitu humo, ofisi moja ishike ufunguo, habari imekwisha.

Shangani_GIS:
@jini_la_kompyuta hiyo imejaribiwa sana tu. Ofisi moja ikishika kila kitu wengine wanaacha kuleta mabadiliko, na mwaka ukipita una ghala zuri la data za mwaka jana.

Ndugu yangu wa Konde, usidhani tatizo hili ni letu peke yetu. Marekani 1990 waliunda kamati yao ya taifa ya data za ramani, FGDC, 1994 Rais Clinton akasaini amri ya kujenga miundombinu ya data hizo nchi nzima, na bado 2012 wakaguzi wao wa GAO wakakuta taasisi hazijaratibiana vizuri na pesa zinatumika mara mbili kwa data zile zile. Sheria yenyewe imepita 2018, inasema kila mada iwe na taasisi kiongozi inayojulikana na inayotoa ripoti. Hesabu mwenyewe hiyo ni miaka mingapi, sasa wewe usisubiri sheria. La kuchukua kwao ni kwamba walipunguza: walikuwa na mada saba za msingi ambazo kila mtu anazijengea juu yake, yaani alama za upimaji, picha za angani, miinuko, usafiri, maji, mipaka ya kiutawala na viwanja. Hapo wilayani kwenu nakwambia hata saba nyingi. Anza na tatu.

Picha za angani wala usihangaike nazo. Ule mradi wa droni ulioanza 2016, Kamisheni ya Ardhi na chuo kikuu cha SUZA na tume ya sayansi COSTECH kwa msaada wa Benki ya Dunia, picha zake unaona mpaka paa la banda la kuku, na zilitolewa wazi watu wazitumie. Hakuna haja ya ofisi kulipia nyengine.

MtuWaKonde:
Nimewaelewa. Ila tatizo langu kubwa ni watu. Kuna mmoja, ofisi siitaji, kanambia waziwazi "nikishatoa data yangu nani tena atanijia?" Na mie namuelewa, mana leya ile kaitembelea kwa miguu jua kali, halafu kwenye ripoti jina la ofisi yake halimo.

Bint_Mkoani:
Basi muwekeeni. Kila ramani inayotoka iandikwe kwa chini leya ipi imetoka ofisi gani na tarehe yake. Sisi tulifanya hivo na wale wale waliokuwa wagumu ndo walioanza kutupigia simu kusema "mnatumia ya zamani, njooni mchukue mpya". Mtu anataka kazi yake ionekane, ni haki yake.

mama_wa_viwanja:
Naomba niongeze jambo ambalo halijaguswa. Si kila leya ya kugawana. Majina ya wenye viwanja, nyumba zenye wagonjwa, hayo yasiingie kwenye folda ya pamoja hata kwa dakika moja. Kwetu ardhi inaleta ugomvi wa ndugu mpaka mahakamani, karatasi ya ramani tu ikipita WhatsApp ishakuwa ushahidi. Andikeni mapema leya ipi ya wote, ipi ya ofisi kwa ofisi, ipi haitoki.

sheha_mstaafu:
Vijana mnasema vizuri lakini sheha mmemsahau. Chapisheni ramani kubwa ya karatasi mpeleke kwa sheha na wazee wawili watatu, muwape kalamu nyekundu. Mimi nilioneshwa ramani ya shehia yangu, mpaka umefuata mtaro uliohama zamani na mtaa mmoja jina limeandikwa la kijiji cha pili. Kijana kalirekebisha pale pale nikimuona, nikafurahi sana.

MtuWaKonde:
Ahsante mzee wangu, hilo nalifanya bila ya kuchelewa, na @mama_wa_viwanja lako limeingia kwenye rasimu tayari. Naanza na visima, skuli na vituo vya afya, mipaka naomba nakala rasmi kwa barua. Limebaki moja: walezi wenyewe wakipata uhamisho? Mtu wa maji aliyekuwa anaijua leya yake kahamishiwa Unguja na nywila kaondoka nayo.

Bint_Mkoani:
Kwenye makubaliano andika cheo, usiandike jina la mtu. Na kila leya iwe na mlezi na msaidizi wake, wote wawili wana nywila, na makabidhiano ya leya yaingie kwenye ile fomu ile ile anayosaini mtu akikabidhi gari na funguo za ofisi. Bila ya hiyo fomu utumishi wasimpe barua ya kuondoka.